Jicho likiondoka kwenye kaye, lirudi mstari uleule

Jioni dukani Birere, mtaa wa Goma, kaye ya mauzo iko wazi: dola kushoto, faranga kulia. Mtu mzima mwenye ADHD, hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kushika umakini na kutulia, ambayo madaktari wa huku huandika TDAH, anajua kujumlisha vizuri sana. Hesabu inakataa kwa sababu jicho liliacha mstari wa 14, likarudi wa 16.

Macho ya kila mtu huruka karibu mara 3 kwa sekunde, na yanaona tarakimu vizuri kwenye sehemu ndogo tu, kama upana wa ukucha wa kidole gumba ukinyoosha mkono. Pembeni tarakimu hazisomeki, lakini chochote kinachotikisika huko kinavuta. Kwa wenye ADHD miruko isiyotakiwa ni mingi zaidi, hasa kazi ikirefuka na kuchosha. Kumwambia mtu "tuliza macho" ni bure. Yataondoka tu, kwa hiyo yawekee pa kurudia.

Kata kipande cha katoni, upana wa ukurasa, kimo sentimita 10 hivi. Kilaze chini ya mstari unaousoma, kifunike inayofuata. Wengi hukiweka juu, na hapo mistari ya chini inabaki wazi, jicho linatangulia. Wengine hutoboa kidirisha: kinaficha vichwa vya safu, na dola zinasomwa faranga. Mimi sikipendi.

Namba ndefu igawe: 27500 isome "27", andika, kisha "500", andika. Alama ya biki weka baada ya kuandika. Ukiiweka kabla, motari akapiga honi katikati, ukirudi utaona alama na kuuruka mstari ambao hukuuandika. Kila mistari 10, piga jumla ndogo, ndipo usimame kidogo. Kosa likitokea utalitafuta ndani ya mistari 10, si kaye nzima.

Kaa ukitazama ukuta, mwingine alinde kasha la pesa. Simu iingie kwenye droo. Ukiilaza kifudifudi mezani, mwanga wake bado unachungulia ukingoni.

Dalili za ADHD huanza kabla ya miaka 12. Kama mistari imeanza kukupotea mwaka huu tu, baada ya miezi ya hofu na kukosa usingizi, mweleze daktari hilo kwanza, na macho yapimwe.