Kupeana: nani kampa nani?

SWALI: Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni afisa wa ustawi wa jamii hapa Likoni. Tunaandaa waraka wa kuliomba Bunge liangalie upya sera ya pesa za wazee za Inua Jamii, mpango wa Serikali ya Kenya. Kazi hii ya kusukuma sera ibadilishwe tuiite utetezi au uraghibishi? Sentensi yetu ya kwanza yasema: "Serikali inapeana shilingi 2,000 kila mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, lakini mara nyingi pesa hizo hupeanwa zikiwa zimechelewa."

JIBU: Waaleikum salaam. Swali lako nitalijibu upesi, maana lililonikaa kooni ni jengine. Utetezi watokana na kuteta, kugombana kwa maneno. Ukimtetea mtu, wateta kwa ajili yake. Uraghibishi una asili ya Kiarabu, kutamani. Ukimraghibisha mkubwa, wamtia hamu ya jambo. Asasi za Tanzania hulipenda hili la pili. Msomaji wa Mombasa ataelewa utetezi bila kuuliza, kwa hivyo andikeni utetezi.

Sasa hiyo "inapeana".

Kupa ni kitendo cha upande mmoja. Ukitia -an-, pande zote mbili zimetoa na zote zimepokea. Watu hupeana mikono. Majirani wa Mji wa Kale hupeana futari: leo sahani ya kaimati yavuka ujia kwenda kwa jirani, kesho yarudi na sambusa, kwani sahani ya watu hairudishwi tupu. Huko ndiko kupeana. Basi nambie, bibi wa Mtongwe aliyepanga foleni tangu alfajiri, kitambulisho kafunga kwenye pindo la leso, yeye ameipa Serikali nini? Viazi karai? (Utasema ameipa kodi kila anaponunua sabuni. Hoja nzuri, itieni ndani ya waraka, msiifiche ndani ya kitenzi.)

Na "hupeanwa" ndiyo balaa zaidi. Kwanza tumewafanya wawili wapeane, kisha tumetia -w- tukawafukia wote wawili. Pesa zimepeanwa: na nani? Zimechelewa: kwa mkono wa nani? Mchambuzi wa sera kazi yake ya mwanzo ni kuuliza nani ana wajibu, kwa nani, na lini. Kitenzi chenu chamwondolea Waziri usumbufu wa kujibu.

Najua vita hivi nimeshashindwa. Redio zapeana habari, walimu wapeana mitihani, na makanga wa Likoni akiniambia atapeana chenji mbele, nanyamaza nikangoja chenji yangu. Shilingi 20 hazitoshi kuanzisha darsa la sarufi ndani ya matatu. Lakini waraka wa kwenda Bungeni hauna haraka ya kushuka Ferry.

Mwenzako mmoja atapendekeza "inatoa". Yaelekea, na wazee walishasema kutoa ni moyo, si utajiri. Ila hapo pana mtego mwengine: anayetoa kwa moyo hadaiwi, na mwezi asiotoa hana wa kumuuliza. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 yampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na yaitaka Serikali iwasaidie wasioweza kujikimu. Mpango wa miaka 70 na zaidi ulipoanza kulipa 2018, kigezo chake kikuu kilikuwa umri. Mzee hakulazimika kwenda kulilia umaskini wake mbele ya watu. Zikija shilingi 4,000 kwa mpigo, za miezi miwili, huo mwezi wa kwanza ulikuwa deni. Na deni hulipwa.

Andikeni hivi: "Serikali inatakiwa kumlipa kila mzee aliyesajiliwa shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi haimlipi kwa wakati." Mkiona ni kali, pozeni aya ya pili. Hicho kitenzi cha kulipa msikiguse.