Uliza Ujibiwe: Baa ya makuti kwenye kadi ya Kongowea

SWALI: Shikamoo Bi. Mwezi uliopita nilinunua mkoba wa mtumba pale sokoni Kongowea, Mombasa, na ndani ya mfuko wake wa zipu nikakuta postikadi ya zamani ya rangi. Ni picha ya baa iliyoezekwa makuti, mianzi kila upande, taa nyekundu na za samawati, na sanamu ya mti yenye meno na macho ya kutisha. Nyuma pamepigwa chapa: Beachcomber Bar, Butlin's, Bognor Regis. Halafu mtu kaandika kwa kalamu, kwa Kiingereza, kwamba mvua haijakatika tangu Jumatatu lakini watoto hawataki kurudi nyumbani. Shemeji yangu anashikilia kuwa hii ni hoteli ya zamani ya Nyali iliyobadilishwa jina. Mke wangu naye hataki kadi ikae ukutani, asema ile sanamu ni ya pepo. Nani ana haki?
Msomaji wako, Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ahsante kwa kunipigia picha kadi pande zote mbili. Nimeikuza kwenye simu ya mjukuu wangu hadi nikaona vifungo vya mashati.

Shemeji yako kakosea, na lililomkosesha ni paa. Mimi nimekulia Kisauni katika ua wa makuti: mama alishona, baba aliezeka. Mama alikunja jani la mnazi juu ya kijiti, akalipitisha uzi wa miaa, akavuta, akakunja la pili, na hivyo hivyo mpaka kijiti kikajaa. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuhesabu na kufunga mafungu. Baba akiwa juu alipima kwa mkono, kuti hadi kuti vidole vinne. Mwenye nyumba akitaka kubana pesa, apewe sita, baba alimwambia waziwazi kwamba masika hayatamsamehe.

Basi litazame paa la kadi yako. Limelala karibu bapa, na paa la makuti lisilo na mwinamo mkali haliwezi kumwaga maji. Ncha za majani zinaning'inia juu ya kaunta badala ya kutokeza nje ya nguzo. Na kwenye pembe ya kulia, juu ya makuti, yaonekana dari. Hilo ni paa lililojengwa ndani ya nyumba! Kisha shuka chini: zulia. Chini ya makuti huanguka vumbi, vijiti na uchafu wa mijusi. Sijapata kuona mtu wa pwani akitandika zulia hapo.

Bognor Regis ni mji wa pwani ya kusini ya Uingereza, na Butlin's ni kambi za likizo za familia. Aliyezianzisha ni Billy Butlin, mzaliwa wa Cape Town, aliyefungua ya kwanza Skegness mwaka 1936. Miaka miwili baadaye Uingereza ilipitisha sheria ya likizo yenye malipo, na Butlin akawaita wafanyakazi kwa ahadi moja: likizo ya wiki kwa mshahara wa wiki. Unapewa kijumba chako, chakula mezani, michezo kuanzia asubuhi, na wahudumu wenye makoti mekundu wa kuwachangamsha watoto. Kambi ya Bognor ilifunguliwa mwaka 1960.

Lakini bahari ya huko ni baridi, na mvua hunyesha hata Julai. Kwa hiyo joto likaundwa ndani. Baa za Beachcomber ziliwekwa katika kambi kadhaa, zikiwa na mianzi, majani ya plastiki na taa za rangi. Nyingine zilikuwa hata na radi na ngurumo za mashine. Katika kambi ya Ayr, Scotland, kulikuwa na baa yenye madirisha ya kioo yaliyotazama ndani ya maji ya bwawa la kuogelea, mtu akinywa anaona miguu ya waogeleaji.

Mtindo wenyewe ulitoka Marekani. Pombe iliporuhusiwa tena huko mwishoni mwa mwaka 1933, Ernest Gantt alifungua baa Hollywood, akajiita Don the Beachcomber, maana yake mtu apitaye ufukweni akiokota yaliyoletwa na maji. Akafuata Victor Bergeron wa Oakland, maarufu kama Trader Vic, na mwaka 1963 baa ya jina lake ikafika London ndani ya hoteli ya Hilton. Kwa hiyo unachokiona ni visiwa vya Pasifiki jinsi California ilivyoviota, halafu ndoto hiyo ikasafirishwa Uingereza. Mnazi ni uleule, ndiyo maana shemeji yako aliona Nyali.

Hata rangi usiziamini sana. Chapa ndogo nyuma inasema John Hinde, mtengenezaji wa postikadi. Wapiga picha wake walipanga watu, wakaweka taa kubwa za kumulika, na rangi zikakolezwa wakati wa kuchapa.

Sasa mke wako. Mwambie hilo si pepo, ni tiki. Wamaori, wenyeji wa New Zealand, humtaja Tiki kuwa mtu wa kwanza, na katika visiwa vya Marquesas huko Pasifiki tiki ni sanamu ya kuchonga inayobeba heshima ya mababu na miungu. Kwenye baa zile uso huo ukafanywa pambo, ukafanywa na kikombe cha kunywea. Hapo moyo wangu unauma, kwa sababu jambo hili twalijua. Wagiriama na Mijikenda wenzao huchonga kigango, nguzo ya mti ya ukumbusho, kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, wakakisimamisha ardhini, na hakiondolewi. Vimeng'olewa usiku, vikauzwa, vikaishia katika nyumba na makumbusho ya Marekani kama mapambo. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver yalikubali kuvirudisha 30. Mke wako ameuona uso wa mtu uliowekwa pasipo pake, akasita. Mimi namuunga mkono kusita huko.

Ila yule aliyeandika nyuma ya kadi simlaumu hata kidogo. Huenda alikuwa mama wa kiwandani, na ile ndiyo wiki yake pekee ya mwaka asiyopika wala kuosha vyombo. Nje mvua ya kweli, ndani ngurumo ya mashine, na watoto hawataki kuondoka. Baadaye ndege za bei nafuu ziliwapeleka watu kama yeye Hispania kwenye jua lenyewe; kambi za Clacton na Filey zikafungwa mwaka 1983, ingawa Bognor, Skegness na Minehead zingali zikipokea wageni.

Kadi usiibandike kwa gundi, na usiitundike ukuta unaopigwa na upepo wa bahari. Chumvi ya Likoni itaila. Itie kwenye fremu ya kioo. Na kwa amani ya nyumba, mimi ningeigeuza, maandishi ya kalamu yatazame sebuleni.