Wasomaji Wanauliza: Zimwi Lililomo Ndani ya Nyumba

SWALI: Mimi na wifi yangu tuliangalia The Babadook, filamu ya kutisha ya Australia, na tangu siku hiyo tunabishana. Yeye anasema mama anayemwambia mwanawe kwamba alitamani mtoto afe badala ya baba yake hampendi mtoto huyo, na kwamba filamu ya namna hiyo inawavunjia wazazi heshima. Mimi nililia, kisha nikaona aibu. Je, filamu hii inahusu mapenzi au chuki?
Mama wa watoto wawili, Tanga

JIBU: Inahusu mapenzi, dada yangu, ingawa wifi yako naye ana haki ya kushtuka, kwa maana maneno yale yamewekwa pale ili yashtue. Kumbuka kisa kinakoanzia. Oskar alifariki katika ajali ya gari alipokuwa akimpeleka mkewe, Amelia, hospitalini kujifungua, kwa hiyo siku aliyozaliwa Samuel ndiyo siku ya msiba wa baba yake, na mtoto anakaribia kutimiza miaka saba bila siku hiyo kusherehekewa kwa tarehe yake. Jina la marehemu halizungumzwi nyumbani. Vitu vyake vimefungiwa katika chumba cha chini ya nyumba, na ni huko huko zimwi liitwalo Babadook linakokuja kupata makao.

Jennifer Kent, aliyeiandika na kuiongoza filamu hiyo mwaka 2014, hakulitoa zimwi lake makaburini. Alilitoa katika kitabu cha hadithi ambacho mama anamsomea mwanawe kabla ya kulala. Amelia anakichanachana kitabu, nacho kinarudi mlangoni kikiwa kimegundishwa upya, kikimwonya kwamba kadiri anavyokana ndivyo zimwi linavyozidi nguvu. Huzuni isiyoliliwa hufanya hivyo hivyo, na nadhani ndiyo iliyokuliza.

Sisi tunasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na kwa kawaida methali hiyo humfariji mtu aliyeangukia mikononi mwa jamaa zake. Filamu za kutisha za kisaikolojia huigeuza, kwa kuwa ndani yake anayekujua ndiye anayejua mahali pa kukuuma. Jitu la msituni lisingeweza kujua ni sentensi gani ingemvunja Samuel moyo, ila mama yake aliijua. Mimi, kusema kweli, lile jitu lenye kofia halikunitisha kama Claire, ndugu yake Amelia, anayemtamkia waziwazi kwamba hawezi kuvumilia kuwa karibu na mtoto wake, na kwamba hata yeye mama mtu hawezi. Anayewagongea mlango kuwaambia kwamba anawapenda si ndugu, bali ni Bi. Roach, jirani mzee na mgonjwa.

Umwombe wifi yako atazame tena mahali Amelia, akiwa amepagawa na zimwi, anapomkaba mwanawe koo. Samuel hampigi wala hamsukumi, bali ananyoosha mkono na kumpapasa shavu. Atazame pia mwisho, kwa sababu zimwi haliuawi: mama analishushia bakuli la minyoo kule chini, analivumilia likimfokea, kisha anapanda juu kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mwanawe, safari hii kwa tarehe yake yenyewe. Asiyempenda mtoto asingejisumbua kulilisha zimwi ili lisimfikie.

SWALI: Kwa nini katika filamu hizi za kutisha mume hamwamini mkewe hata siku moja?
Msomaji wa kiume, Mombasa

JIBU: Mara nyingi, ndugu yangu, anamwamini mno, na ndiyo sababu anamkanusha. Katika Rosemary's Baby ya mwaka 1968, Guy ni mwigizaji asiye na bahati aliyekwisha kupatana na majirani wanaomwabudu shetani wawe na haki juu ya tumbo la mkewe, naye apate kazi. Kwa hiyo kila Rosemary anapoanza kushuku, mumewe ndiye wa kwanza kumtuliza. Hata alipokimbilia kwa daktari mwingine, daktari huyo alimsikiliza kwa upole kisha akawaita mumewe na yule daktari aliyekuwa akimkimbia waje kumchukua, jambo ambalo halihitaji shetani ili litokee.

Wazee zaidi watakumbuka Gaslight ya mwaka 1944, iliyompa Ingrid Bergman tuzo ya Oscar. Mume anapanda darini kwa siri kutafuta vito, anawasha taa huko, taa za gesi huko chini zinafifia, na mke anapouliza anaambiwa kwamba akili yake inamdanganya. Neno gaslighting, ambalo Waingereza hulitumia leo kwa udanganyifu wa aina hiyo, lilitokana na kisa hicho. Mwishoni mume amefungwa kwenye kiti, anamsihi mkewe akate kamba kwa kisu. Mke amekishika kisu mkononi, anakitazama, kisha anamuuliza kama kweli hicho ni kisu, maana yeye, kama alivyoambiwa, ni mwendawazimu.