Kazi ya mzazi: mkulima

Kila Januari kidato cha kwanza wanapoingia, nawagawia karatasi wajaze jina, mtaa na kazi ya mzazi. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, aliandika "mkulima". Siku ya pili yake nikamkuta mwaloni alfajiri, yeye na baba yake wanamwaga dagaa mchangani, magamba yamemganda mpaka kwenye viwiko. Aliponiona akageuza uso.

Sikumkemea kwa kudanganya. Nilijiuliza nani kamfundisha aibu ile, na jibu likanirudia mwenyewe. Ni mimi niliyekuwa nawaambia, "Usiposoma utaishia kuvua dagaa." Ni mimi niliyewahi kumvisha mtoto kibao shingoni kwa kuongea Kiha uwanjani. Nilidhani namsukuma mbele, kumbe nilikuwa namwambia kwao hakufai.

Wiki ile ile kwenye Jiografia tulikuwa na somo la mwezi. Nikafunga kitabu, nikauliza: kwa nini mbalamwezi ikikolea mitumbwi inalala ufukweni? Kimya. Mwishowe yule kijana, ambaye tangu aje hajanyoosha kidole, akasimama. Akaeleza kwamba dagaa hufuata taa kwenye giza. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa ziwa zima, taa haiwavuti tena, ndiyo maana siku hizo watu wanashona nyavu. Akahesabu kwa vidole siku zilizobaki giza lirudi. Wenzake wakaandika maneno yake daftarini.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, na wewe mzazi, kabla hujamwambia kijana "unaweza", tafuta kwanza kitu anachokijua kuliko wewe, umwachie akufundishe mbele za watu. Semina za kuhamasisha nimeziandaa nyingi. Makofi yanapigwa, soda zinanywewa, na Jumatatu mtoto yuko vile vile.

Halafu kuna hili la asili yetu. Kijana akifika Dar es Salaam akataja Kasulu au Kibondo, wilaya zetu za mpakani na Burundi, anaweza kuulizwa kama ni Mtanzania kweli. Lafudhi inamponza, na wapo wanaoamua kusema wanatoka Tabora. Inaniuma sana. Siku hizi hawaondoki mikononi mwangu bila kujua kwamba Ujiji ilipokea misafara ya pwani kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914, na kwamba mkonge wa Tanga, uliokuwa ukiiingizia Tanganyika fedha nyingi, ulikatwa na manamba, vibarua wa mkataba, na miongoni mwao walikuwamo Waha wengi, babu zao hawa watoto. Mwenye kuyajua haya akiulizwa kwao ni wapi, anajibu bila hasira na bila kuinamisha kichwa.

Mfukoni nako kuna kazi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Wengi husikia habari hiyo hawana kikundi, hawana katiba, hawana akaunti. Sisi katiba tunaandika kidato cha nne, kabla hawajatawanyika. Mweka hazina nawaambia wamchague yule anayetumwa dukani akarudisha chenji yote, wasimchague msemaji. Na wajifunze zaidi ya kazi moja: mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, mwenye wavu peke yake aliumia kuliko wote.

Yule kijana hakupata alama za kwenda kidato cha tano. Niliumia, sifichi. Lakini yeye na wenzake wanne wamejenga chanja za kuanikia, dagaa wao hawana mchanga, na wanunuzi wanawafuata pale pale.

Januari hii mdogo wake ameanza kwetu. Kwenye kazi ya mzazi ameandika "mvuvi", na pembeni, ambako hakukuwa na nafasi, amebananisha: "Kaka anaanika dagaa wasio na mchanga."