Wadogo Zangu wa Okidi, Hiyo RO Ngojeni Kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kirumba, hapa Mwanza, alinipigia simu saa nne usiku. Kanunua mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwa presha yaache chumvi nyuma, filta tatu na membreni (utando unaozuia chumvi) ya galoni 75 kwa siku, kaifunga mwenyewe, na okidi zake, maua ya Vanda, bado zimenuna. "Mzee, maji yanatoka tone, tone. Wameniuzia mbovu?" Nikamuuliza maji ya bomba lake yanasoma ngapi. Kimya. Hana mita ya chumvi, ile inayosoma miligramu kwa lita. Huyo ni wa nne mwaka huu, na mimi usingizi naupenda, kwa hiyo naandika.

1. Mita kabla ya mashine. Kama uko mjini na maji yako ni ya bomba, yale yanayovutwa ziwani Capri Point, RO huihitaji. Ziwa Victoria lina chumvi kidogo kwa sababu zaidi ya robo tatu ya maji yanayoliingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Bomba la dada yangu Nyamanoro husoma 60 na ushee. Okidi inataka nini tena? Acha maji kwenye ndoo wazi usiku kucha klorini ipungue, asubuhi mwagilia. RO ni ya sisi wa visima. Kisima changu huku Kisesa kinasoma 600, na birika letu lina gamba la kutosha kupiga plasta.

2. Presha. Membreni hizi zimetengenezwa kwa psi 60 hivi (psi ni kipimo cha presha). Chini ya 40 ni kutesana. Sasa kijana ana tenki kwenye mnara wa mita 3, anaona liko juu kweli. Mita 10 za kimo ni psi 14. Mita 3 ni psi 4 na kitu. Nne! Mwenzetu mmoja wa Mabatini tenki lake liko juu ya jabali, nyumba iko bondeni, mashine inapiga kazi bila pampu, na anatamba kama vile mlima kaujenga yeye. Wewe usiye na jabali nunua pampu ya kuongeza presha, na swichi ya kuizima pipa likijaa.

3. Mipira ya maji. Hapa mtakaocheka, chekeni. Fundi aliyenifungia mashine yangu ya kwanza aliishiwa mipira ya rangi, akamalizia yote kwa mweupe. Miwili ikapita tundu moja la ukuta kwenda uani, mmoja wa maji safi, mmoja wa maji ya kutupa. Akanywa chai yake, akaondoka. Jioni nikafungulia, nikasimama uani na mipira miwili mkononi kama mtu aliyeshika nyoka kwa mikia. Mmoja unatiririka, mwingine unadondosha. Nikajiambia, mashine ya pesa yote ile haiwezi kuwa ya kudondosha. Unaotiririka nikautia kwenye pipa la okidi, wa pili nikauelekeza kwenye beseni karoni.

Ndoo ya lita 20 ilijaa kwa nusu saa. Nilijisifu! Niliwaita wenzangu waje waone. Membreni ya galoni 75, ikiwa na afya njema, hutoa lita 12 kwa saa. Hizo 40 zilikuwa zinatoka wapi? Mtoto wa darasa la nne angeuliza. Mimi sikuuliza.

Wiki ya tatu ncha za mizizi ya Vanda, zile za kijani mbichi, zikawa kahawia, kisha nyeusi. Vyungu vya okidi zangu nyingine, Phalaenopsis, vikaota ukingo mweupe kama midomo ya mtoto aliyeiba maziwa ya unga. Nikasema ni ukungu, nikapuliza dawa. Wapi. Nikasema basi zina njaa, nikaongeza mbolea. Chumvi juu ya chumvi.

Siku hizohizo mke wangu alikuwa ameanza kufulia maji ya lile beseni la karoni. Akaniita. "Baba Kulwa, haya maji unayotupa yana nini? Nusu mche wa sabuni umenitosha nguo zote, na povu hili!" Kwa maji ya kisima chetu mche mzima unaisha na povu hulioni. Nikamjibu kwa sauti ya mtaalamu: "Huo ni uchafu uliochujwa. Usinifulie mashati yangu kwa maji hayo." Akanitazama kidogo, akayatoa mashati yangu, akayaweka kando, akaendelea na zake.

Mita ilifika kwa basi kutoka Dar es Salaam wiki ya saba. Nikaichovya kwenye pipa la okidi: 790. Nikaifuta kwa kanga, nikarudia: 790. Kisima 600, maji "safi" 790. Kwanza niliichukia mita. Kisha nikaenda karoni, nikakinga matone kwenye kifuniko cha dumu, nikapima: 21. Nilikaa juu ya karo lile mpaka mbu wakanitoa. Okidi 31 zikabaki 17, na kati ya zilizokufa ni Vanda ya buluu niliyoipakata kutoka Arusha.

Kwenye mashine nyingi, upande ule wa membreni wenye matundu mawili, la katikati ni la maji safi na la pembeni ni la kutupa. Fuata mpira kwa kidole toka pale hadi mwisho wake, ufunge uzi mwekundu, upime ncha zote mbili. Maji ya kutupa yapeleke kudekia sakafu.

4. Filta ya kaboni badilisha kila miezi 6, hasa ukinunua maji ya boza. Klorini inakula membreni na haikupigii hodi. Pipa la kwanza la membreni mpya mwaga lote. Pipa liwe la plastiki nyeusi, si ya kupitisha mwanga, la sivyo utafuga mwani.

5. RO tupu haina kalsiamu wala magnesiamu, na okidi haiishi kwa usafi. Mimi nachanganya debe 1 la kisima na madebe 9 ya RO, mita inasoma kama 78, ndipo mbolea. Vuli na masika zima mashine kabisa, kinga mvua ya paa. Bati la mita za mraba 50 na mvua ya milimita 20 ni lita 1,000 za bure, ila dakika za mwanzo acha zipite: kongoti wa mji huu hawaombi ruhusa wakitua juu ya paa.

Kijana wa Kirumba kaazima mita. Bomba lake linasoma 64. Mashine anaiuza, na Vanda nilipozitembelea nilizikuta kwenye kona ya baraza ambako hata mjusi hapati jua.

Jambo moja nilisahau: mashine ikilala usiku, lita mbili za kwanza asubuhi huwa na chumvi zaidi, usizipeleke kwenye pipa. Mimi nazikinga kwenye beseni la karoni. Siku hizi mashati yangu nayo yanafuliwa humo, ila sharti niombe.