Maumivu ya tumbo: saa za kabla ya kisu na siku za baada yake

Ndugu anapopelekwa kupasuliwa tumbo hapa Bukavu, familia nyingi huamini kwamba hatari yote imo ndani ya chumba cha upasuaji, na kwa hiyo sala zao na fedha zao zote huzielekeza kwenye zile saa chache ambazo mlango umefungwa. Nimefanya kazi ya uuguzi katika wodi za upasuaji za mji huu kwa miaka mingi, na ninaloliona tena na tena ni kwamba hali ya mgonjwa huamuliwa zaidi katika nyakati mbili ambazo familia yenyewe iko naye: saa zinazopita kabla hajafika mbele ya daktari mpasuaji, na siku zinazofuata baada ya kushonwa. Utafiti mkubwa wa nchi 25 za Afrika uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 waliofanyiwa upasuaji wa aina mbalimbali, ukaonyesha kwamba wagonjwa wetu hufariki mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wengi wao ni vijana wasio na maradhi mengine makubwa. Zaidi ya vifo 9 kati ya 10 vilitokea katika siku za baada ya upasuaji, wala si juu ya meza. Ndiyo sababu naandika kwa ajili ya ndugu wanaomlinda mgonjwa, kwa maana madaktari wanayajua haya.

Nianze na saa za kabla. Kwetu, homa ikiambatana na maumivu ya tumbo huitwa malaria, na ikikawia kupona huitwa tifoidi. Mgonjwa hupimwa Widali, kipimo cha damu cha kutafuta tifoidi, kwenye labo ya mtaani, karatasi inarudi na alama ya kujumlisha, anatundikiwa serumu, na familia inatulia. Lakini kipimo cha Widali hutafuta kinga ambayo mwili umeitengeneza, na kinga hiyo inaweza kubaki damuni muda mrefu baada ya ugonjwa wa zamani au kuamshwa na maambukizi mengine kabisa. Vilevile, vimelea vya malaria vikionekana kwenye damu, havizuii kidole tumbo kuoza siku hiyo hiyo. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kwa hiyo ombi langu ni moja: karatasi ya labo isiwafanye mwache kulitazama tumbo lenyewe.

Tifoidi ya kweli nayo haiishii kwenye homa. Kwa kawaida kuanzia wiki ya tatu ya ugonjwa usiotibiwa vizuri, vidonda vilivyoko sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba vinaweza kutoboka, kinyesi kikamwagika ndani ya tumbo na kuleta peritoniti, yaani maambukizi ya utando unaofunika tumbo kwa ndani. Kinshasa iliona jambo hilo kwa uchungu mkubwa: kati ya Septemba 2004 na Januari 2005 waliripotiwa wagonjwa 42,564 wa tifoidi, na kati yao 696 walipata peritoniti au kutobokwa na utumbo. Mgonjwa wa tifoidi ambaye tumbo lake linabadilika ghafla, likawa gumu kama ubao na asitake mtu aliguse, haongezewi dawa nyumbani. Anapelekwa mahali penye mpasuaji usiku huo huo, hata kama dozi haijaisha.

Kidole tumbo, ambacho wengi wetu tunakiita apendisiti, kina historia yake, na historia hiyo ina thamani kuliko watu wanavyodhani. Mara nyingi maumivu huanza katikati, karibu na kitovu, hayana mahali maalumu, mgonjwa anakataa chakula, pengine anatapika. Kisha baada ya saa kadhaa maumivu yanahama na kukaa upande wa kuume chini. Mwaka 1986 daktari Alfredo Alvarado alitoa hesabu ya alama 10 inayotumika hadi leo kupima uwezekano wa ugonjwa huu, na alama 3 kati ya hizo hutokana na maneno ya mgonjwa peke yake: maumivu kuhama, kukosa hamu ya chakula, na kichefuchefu au kutapika. Hakuna ekografi (picha ya ultrasaundi) inayoweza kuwaambia maumivu yalianzia wapi jana jioni.

Nakumbuka shangazi mmoja aliyemleta kijana wake kutoka Kadutu. Nyuma ya karatasi ya malaria alikuwa ameandika kwa kalamu ya buluu: saa moja jioni, kitovuni, saa nne, ametapika uji, saa nane usiku, kuume chini, hawezi kunyoosha mguu. Daktari wa zamu aliisoma karatasi hiyo akiwa amesimama, akaweka mkono juu ya tumbo, na kijana hakulala wodini bila kupasuliwa. Kidole kilikuwa kimevimba lakini hakijapasuka. Baada ya siku chache alirudi nyumbani akitembea. Sijaona kipimo cha bei nafuu kinachofanya kazi kubwa kuliko kalamu ile.

Angalieni pia njiani. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walichapisha kazi fupi kuhusu wagonjwa waliofikishwa hospitali kwa gari lililopita juu ya matuta ya barabarani: kati ya 34 ambao ilithibitishwa wana ugonjwa wa kidole tumbo, 33 walisema kila tuta liliwaongezea maumivu. Sisi wa Bukavu hatuhitaji kutafuta matuta. Mgonjwa anayemwomba mwenye moto, yaani dereva wa pikipiki, apunguze mwendo kwenye kila shimo huku ameshika tumbo lake, mwambieni daktari jambo hilo kwa maneno hayo hayo. Halithibitishi ugonjwa peke yake, kwa sababu maradhi mengine ya tumbo huleta hali hiyo, lakini asiyeumizwa hata kidogo na mitikisiko ile, yaelekea shida yake si hiyo.

Kuna hali moja inayonitia hofu kuliko zote, nayo ni nafuu ya ghafla. Mtu ameteseka siku mbili, halafu usiku maumivu yanashuka, familia inamshukuru Mungu na kuahirisha safari ya hospitali. Wakati mwingine kidole kilichojaa usaha kinapopasuka, ule mvutano unaisha na mgonjwa anapumzika kidogo. Kisha saa chache baadaye tumbo zima linawaka, homa inapanda na mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Nafuu isiyoambatana na hamu ya kula, isiyopunguza homa, msiiamini.

Msimwingizie mgonjwa maji ya mitishamba kwa njia ya haja kubwa wakati tumbo linauma hivyo, kwa maana utumbo uliovimba au uliojifunga unaweza kutoboka. Sindano ya maumivu inayotolewa hospitalini haimfichi daktari ugonjwa, kinyume cha imani ya zamani. Hatari iko kwenye ile inayonunuliwa farmasia ili mgonjwa aendelee kubaki nyumbani. Mwanamke mwenye umri wa kuzaa apimwe mimba hata akisema haiwezekani, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya kizazi huua kwa damu inayomwagika ndani bila kuonekana. Na mtoto mchanga anayelia kwa vipindi akikunja miguu, kisha akatoa haja yenye damu na ute, asisubiri asubuhi.

Sasa siku za baada. Wauguzi wa zamu ya usiku ni wachache na vitanda ni vingi, kwa hiyo mlinzi wa mgonjwa ndiye jicho lililo karibu zaidi. Jambo la kwanza ni mkojo: mtu mzima wa kilo 60 anapaswa kutoa angalau mililita 30 kila saa, na mfuko wa sondi (mpira wa kutolea mkojo) uliobaki vilevile tangu saa tatu usiku hadi saa sita ni habari ya kumwamsha muuguzi. La pili ni pumzi na mapigo ya moyo yanayoongezeka kasi mgonjwa akiwa ametulia, hata kabla ya homa. Pale utumbo uliposhonwa pakianza kuvuja, mara nyingi hutokea wiki ya kwanza, wakati kila mtu anadhani hatari imepita: tumbo linavimba upya, mgonjwa anatapika kijani, kwikwi haikatiki, au anakuwa na wasiwasi na kusema maneno yasiyoeleweka. Maji ya rangi ya waridi yanayolowesha bendeji ghafla ni dalili kwamba mshono wa ndani unaachia. Hapo mgonjwa alale chali, na muuguzi aitwe bila kuchelewa.

Jueni kwamba mnayo haki ya kuita mara mbili. Wako wanaonyamaza kwa kuogopa kukaripiwa, na nimeona gharama yake. Semeni kwa heshima, lakini semeni: «Muganga, tumbo lake limebadilika tangu jioni.»

Chakula kimeleta ugomvi mwingi kati yangu na akina mama wenye upendo. Bugali na sombe haviingii mpaka daktari aruhusu. Kwa wengine ni kesho yake, kwa wengine ni baada ya siku kadhaa, kutegemea kilichofanyika ndani. Msilinganishe na mgonjwa wa kitanda cha jirani. Mwinueni akae mapema na atembee hatua chache mara tu akiruhusiwa, na akitaka kukohoa mpeni kikwembe kilichokunjwa akikandamize juu ya kidonda, ili akohoe kwa nguvu na makohozi yasibaki mapafuni.

Siku ya kutoka, kabla ya kuhangaikia faktira ya hospitali, yaani hesabu ya malipo, ombeni karatasi inayosema nini kilikutwa tumboni, nini kiliondolewa na nini kilishonwa. Kama kuna nyama iliyopelekwa kuchunguzwa labo, ulizeni majibu yatatoka lini na nani atayafuata. Tumbo lililowahi kufunguliwa linaweza kuota makovu ya ndani na kuziba utumbo hata baada ya miaka mingi, na mgonjwa akifika siku hiyo na karatasi hiyo mkononi, daktari atakayempokea atajua pa kuanzia.