Dar ya Sikukuu Inataka Mtu wa Asubuhi

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa fupi: je, familia ya kipato cha kawaida inaweza kuifurahia Krismasi jijini Dar es Salaam bila kuingia Januari na madeni? Nakaa Manzese, nina watoto watatu, na jibu langu ni ndiyo. Sharti ni moja tu: usitoke saa wanayotoka watu wote.

Dar haiwi ghali siku nzima. Inakuwa ghali tarehe 25 kuanzia kama saa 9 alasiri, pilau likishaliwa na nguo mpya zikishavaliwa, nusu ya mji inapoelekea baharini kwa mkupuo mmoja. Hapo bodaboda anakutajia nauli huku anatazama pembeni, soda imepanda, na ufukwe ambao siku za kazi unajipitia tu umefungwa kamba, kijana mwenye kitabu cha risiti kasimama mbele yake. Watoto nao wakikutana na kila puto na kila koni njiani, kwisha habari yako.

Najua wapo watakaowaandikia kwamba dawa ni kwenda mikoani. Jamani! Piga hesabu ya nauli ya watu watano kutoka stendi ya Magufuli kule Mbezi hadi Moshi, kwenda na kurudi, halafu ongeza sukari, mchele, kitenge cha mama mkwe na hela ya soda ya wajomba, ambao kwao wewe ni mtu wa Dar, yaani tajiri. Wakwe zangu nawapenda, na nawatembelea mwezi wa 6. Treni ya umeme nayo ni nzuri, lakini ilipoanza 2024 nauli ya kawaida hadi Morogoro ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima, na kwa familia hayo si matembezi ya bei poa. Waache waende. Wanaosafiri wanatufanyia hisani sisi tunaobaki: foleni ya Ubungo inalegea na kwenye mabasi ya mwendokasi mtu anaweza hata kupata kiti.

Sisi sikukuu yetu inaanza tarehe 24 jioni, Posta, katikati ya jiji. Tunafika kungali na mwanga, tunapita mtaa wa Samora kwenye sanamu ya Askari, ile iliyozinduliwa 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwanangu wa mwisho hana habari na vita. Yeye anataka kujua huyo baba atachoka lini kushika bunduki. Kisha tunateremka hadi mbele ya bandari, kwenye makanisa mawili makongwe ambayo ukitoka hili unafika lile kwa mwendo mfupi wa miguu: la Kilutheri la Azania Front lenye paa la vigae vyekundu, na la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu lenye mnara uliochongoka. Yote mawili yalijengwa enzi za Wajerumani, yakakamilika 1902. Usiku wa mkesha hakuna anayekuuliza wewe ni wa usharika gani. Ukiwahi unapata benchi. Ukichelewa unasimama uani na kwaya unaisikia vilevile. Watu wanalipa hela nyingi kusikiliza muziki ulioimbwa vibaya kuliko huo. Hapa gharama ni nauli na sadaka yako.

Tarehe 25 hatutoki. Kuku wa sikukuu hatuwanunui wiki ya sikukuu, kwa sababu wiki hiyo muuza kuku ni mfalme. Sisi na majirani wawili tunachanga vifaranga wa kisasa katikati ya Novemba; wiki tano au sita zinawatosha. Anayechinja ni mzee wa nyumba ya pili, Mwislamu, ili sahani zikitoka ziingie kila mlango bila mtu kuuliza swali. Idd ikifika sahani zetu zinarudi zimejaa. Watoto wakianza wimbo wao wa disko toto, yaani disko za watoto za ukumbini, nawaambia hapana. Polisi huzipiga marufuku mara kwa mara wakati wa sikukuu, na mimi bado nawakumbuka watoto waliokufa ukumbini Tabora siku ya Idd mwaka 2008. Spika ya jirani inawatosha.

Siku yenyewe ya kutembea ni tarehe 26, na ni alfajiri. Mji umelala na uchovu wake. Tunapanda mwendokasi hadi Kivukoni na kuingia soko la samaki la Feri, mnada ukiwa umechangamka. Hata usiponunua kitu, kumsikiliza dalali akipandisha bei ya fungu la changu ni burudani tosha. Vaa viatu vya kulowana. Halafu tunapanda kivuko kwenda Kigamboni na kurudi na kingine, bila shughuli yoyote ng'ambo. Nauli ya mtembea kwa miguu niliyoizoea ni shilingi 200, na kwa watoto wangu hiyo ni safari ya meli kamili, upepo usoni na maghorofa ya Posta yamejipanga mbele yao.

Kutoka hapo tunajilipia bajaji hadi Hospitali ya Aga Khan. Hiyo ni anasa yetu, siikatai. Tunavuka Daraja la Tanzanite kwa miguu, kama kilomita moja juu ya maji, na upande wa pili tunaukaribia ufukwe wa Coco. Njiani Oysterbay mikrismasi imechanua nyekundu, kama ilivyo kila Desemba, na ndiyo mapambo yetu. Coco kuingia ni bure. Tunakula mihogo ya kukaanga yenye kachumbari na pilipili, sahani mbili kwa watu watano, kwa kuwa hotpoti la kiporo cha pilau limetoka nyumbani pamoja na chupa za maji tuliyoyagandisha usiku. Kabla ya watoto kuvua viatu, tazama maji: yakiwa yamekupwa wanapata vidimbwi vya kuchezea kwenye miamba, yakiwa yamejaa wabaki mchangani, maana pale pana mawe na mawimbi yana nguvu. Saa 5 tunaondoka, jua la Desemba lisije likatumaliza, na kwenye kituo tunapishana na wanaoshuka.

Nguvu zikibaki, kati ya tarehe 27 na 30 nenda Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Humo mna habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai 1959, lakini watoto wangu hugandia kwenye magari ya viongozi wa zamani, na siwaharakishi. Beba kitambulisho: kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, na mlangoni wanaweza kukuuliza.